Sheria, Mirathi na Lugha za Kubainisha

Mwaka 1981 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uraia iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983, na kwa sheria hiyo uraia mmoja wa zamani, ambao ulikuwa ukiwakusanya watu wa Uingereza na watu wa makoloni yake chini ya jina moja, ulipasuliwa mafungu matatu: raia wa Uingereza yenyewe, raia wa nchi ndogo zilizobakia chini ya himaya yake, na raia wa ng'ambo. Wazee wa Mombasa, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa uzito wa mgawanyo huo, kwani jamaa nyingi zenye asili ya Bara Hindi, zilizokaa Afrika Mashariki na kushika pasipoti za Kiingereza baada ya uhuru, zilijikuta katika fungu la tatu, lenye jina la uraia lakini lisilo na haki ya kuingia na kukaa Uingereza. Sheria yenyewe ni ndefu, ina vifungu ndani ya vifungu na masharti yaliyofungamana na masharti mengine, hata mtu akiisoma kwa mara ya kwanza huona heri aulize wakili kuliko kuendelea kusoma.

Nisemayo leo, hata hivyo, si siasa ya sheria hiyo, bali ni jambo lililofanywa juu yake katika chuo cha Imperial College, London, ambako Marek Sergot, Fariba Sadri, Robert Kowalski na wenzao watatu waliichukua sehemu kubwa ya sheria ile, kifungu baada ya kifungu, wakaiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Prolog, na mwaka 1986 wakaitangaza kazi yao mbele ya wanazuoni wa fani hiyo. Kifungu cha kwanza cha sheria husema, kwa muhtasari, kwamba mtu aliyezaliwa Uingereza baada ya sheria kuanza kutumika ni raia wa Uingereza ikiwa, wakati wa kuzaliwa kwake, baba yake au mama yake alikuwa raia wa Uingereza au mkaazi wa kudumu wa huko. Programu nayo ilisema vivyo hivyo: fulani ni raia ikiwa amezaliwa mahali hapo, na ikiwa tarehe ya kuzaliwa ni baada ya tarehe ile, na ikiwa ana mzazi, na mzazi huyo, siku hiyo, alikuwa na mojawapo ya sifa hizi mbili. Hapakuwa na hatua ya kwanza wala ya pili. Ukiiuliza mashine kama fulani ni raia, ilikwenda yenyewe kutafuta masharti yapi yametimia, ikakuuliza yale isiyoyajua, ikatoa jibu. Na ukiiuliza sababu ya jibu lake, ilikutajia kanuni kwa kanuni jinsi ilivyofika hapo.

Hapa ndipo penye tofauti ninayotaka kuizungumzia. Lugha nyingi za kompyuta ni lugha za kuamrisha. Mtunzi wa programu huiambia mashine ichukue namba hii, iijumlishe na ile, ikipata kadha iende mahali fulani, isipopata irudi ilikotoka; na mashine, ambayo haina akili wala ukaidi, hufuata amri moja baada ya moja hadi mwisho wake. Lugha za kubainisha zina tabia nyingine. Humo mtunzi hasemi nini kitangulie na nini kifuate, bali hubainisha lililo kweli na linalotakiwa, kisha njia ya kulifikia linalotakiwa huachiwa mashine. Mtu anayempelekea fundi kitambaa cha kanzu humweleza urefu, upana wa mikono na tarizi ya shingoni. Hamwelezi uzi upite wapi kwanza, na lau angethubutu kumweleza, yamkini fundi angemrudishia kitambaa chake.

Wanaozisifu lugha hizi aghalabu husifu ufupi wake, kwamba kazi ya kurasa kumi huandikika kwa nusu ukurasa. Sikatai. Lakini mimi naona faida hiyo ni ndogo ikilinganishwa na nyingine, nayo ni kwamba mwenye elimu ya jambo lenyewe, awe wakili, kadhi, mhasibu au mkuu wa bandari, ambaye hajapata kusomea kompyuta hata siku moja, anaweza kuketi na mtunzi wa programu, akaonyeshwa kilichoandikwa, akaweka kidole juu ya mstari mmoja na kusema: hapa umekosea. Katika programu ya kuamrisha kosa la elimu hujificha ndani ya utaratibu wa kazi, na mwenye elimu hana budi kumwamini fundi wa mashine. Na mambo ya haki za watu hayastahili kuendeshwa kwa kuaminiana gizani.

Prolog ilizaliwa mwaka 1972 huko Marseille, mji wa bandari wa kusini mwa Ufaransa, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, kwa msaada mkubwa wa fikira za Kowalski huyo huyo niliyemtaja, ambaye wakati ule alikuwa Edinburgh. Muradi wa Colmerauer haukuwa sheria wala biashara. Alitaka mashine iweze kusoma Kifaransa na kufahamu maana yake. Kabla ya hapo alikuwa Montreal, Kanada, ambako alibuni mtindo mwingine wa kanuni, na kwa mtindo huo wenzake walitengeneza programu ya kufasiri taarifa za hali ya hewa kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa. Baadaye Wajapani waliipenda mantiki kupita kiasi: mwaka 1982 serikali yao ilianzisha mradi wa miaka kumi wa kuunda kompyuta za kizazi cha tano zilizojengwa juu ya msingi huo, na matumaini yalikuwa makubwa kuliko matunda, hata mradi ulipokwisha jina la Prolog likapoteza heshima ambayo, kwa insafu, haikustahili kuipoteza. Lugha haikushindwa, kilichoshindwa ni ahadi zilizotolewa kwa niaba yake.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni mirathi. Elimu ya faraidh, yaani ya ugawaji wa mirathi ya Kiislamu, kama inavyosomeshwa katika darsa za pwani yetu, imekaa kana kwamba ilikusudiwa kuandikwa kwa lugha za namna hii. Wala si ajabu hesabu na urithi kukutana, kwani Al-Khwarizmi, yule mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye kitabu chake ndicho msingi wa aljebra, alitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kutatua masuala ya wasia na urithi. Mume hupata nusu ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na robo ikiwa ameacha. Mke hupata robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na thumni ikiwa ameacha, na wake wakiwa zaidi ya mmoja hugawana fungu hilo hilo. Binti wa pekee hupata nusu, mabinti wawili au zaidi thuluthi mbili, na akiwapo mwana wa kiume wote pamoja huwa asaba, yaani wenye kuchukua kinachobaki, wa kiume akichukua maradufu ya wa kike. Mama hupata sudusi, yaani moja katika sita, ikiwa marehemu ameacha mtoto, au ameacha ndugu zaidi ya mmoja. La sivyo hupata thuluthi. Kila moja ya sentensi hizi inajitosheleza, ina hukumu na ina sharti lake, na kila moja huwa kanuni moja ya Prolog, yenye hukumu mbele na masharti nyuma yake.

Sasa mtazameni mtunzi anayeiandika hesabu hiyo kwa lugha ya kuamrisha. Humbidi aamue aanze kwa nani: akianza kwa mke, lazima aulize watoto, akifika kwa mama, aulize watoto tena, aulize na ndugu, akifika kwa binti, aulize wana wa kiume, na suala la mtoto, ambalo ni moja katika fiqhi, hutawanyika mahali patano au sita ndani ya programu. Siku mwanachuoni atakapomkumbusha kwamba mtoto wa mwana wa kiume naye huhesabiwa pahala pa mtoto, itambidi azunguke mahali pote hapo na kurekebisha, na akisahau mahali pamoja tu, mjane mmoja atapewa robo ilhali alistahili thumni, wala hapana atakayejua. Kwa lugha ya kubainisha hubadilishwa kanuni moja tu, ile inayosema nani huitwa mzao wa marehemu, na kanuni nyingine zote zinazoitegemea hufuata.

Pana jambo jingine lipendezalo walimu. Kanuni ikishaandikwa kwa namna hii haina mbele wala nyuma. Unaweza kuwataja warithi ukauliza mafungu yao. Lakini pia unaweza kutaja fungu ukauliza mwenyewe. Mwalimu akitaka kujua ni hali zipi zote zinazompa mama sudusi, au ni warithi gani wanaoweza kukutana katika mirathi moja wote wakiwa na mafungu yaliyotajwa, huuliza, na kanuni zile zile zilizoandikwa kwa ajili ya mahakama humtolea mifano ya darasani, moja baada ya moja.

Wenye elimu hii wanaikumbuka mas'ala iitwayo Mimbariyya, ambayo inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa naye yu juu ya mimbari. Mtu amekufa, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni, mabinti wana thuluthi mbili, baba ana sudusi na mama ana sudusi. Tukizigawa mali sehemu 24, mke anadai 3, mabinti 16, baba 4 na mama 4, na jumla ya madai ni 27 katika mali yenye sehemu 24. Jawabu lililopokewa ni kwamba mafungu yote yapunguzwe kwa uwiano, mali igawanywe sehemu 27, na thumni ya mke igeuke kuwa tusui, yaani moja katika tisa. Na hukumu hiyo ndiyo iitwayo aul. Mtunzi wa programu ana la kujifunza hapa, kwani kila kanuni ni sahihi ikiwa peke yake, lakini zikikutana pamoja hazipatani, na mashine, isipoambiwa lolote kuhusu aul, itatoa mafungu yasiyoweza kulipwa bila ya kuona haya. Dawa yake ni kanuni moja zaidi, inayosimama juu ya nyingine, isemayo jumla ikizidi mali basi kila fungu lipunguzwe kwa kadiri yake. Na kwa kuwa imeandikwa mahali pamoja, inaweza pia kuondolewa mahali pamoja. Maana sahaba Ibn Abbas anapokewa kuwa aliikataa aul, na Mashia wa Ithnaashari hawaikubali mpaka leo. Programu inayotaka kuwatumikia Waislamu wa madhehebu mbalimbali haina haja ya kuandikwa mara mbili. Yatosha itamke wazi inafuata kauli ya nani. Nawausia wanaoishughulikia kazi hiyo jambo moja dogo pia: mafungu yahesabiwe kama mafungu, si kwa desimali, kwa sababu thuluthi haiandikiki kwa desimali ikaisha, na senti zinazopotea njiani zina wenyewe.

Nifike sasa penye mwamba, maana lugha hizi zina mwamba wake. Prolog ikiulizwa jambo isiloweza kulithibitisha, hulikanusha. Keith Clark aliieleza kanuni hii mwaka 1978, na mwaka huo huo Raymond Reiter akaeleza dhana iliyo jamaa yake, ile ya dunia iliyofungwa, kwamba lisiloandikwa katika daftari halipo duniani. Mahali pengi dhana hiyo ni ya busara. Mtu akitazama ratiba ya boti za Unguja na Dar es Salaam asikute boti ya saa tisa usiku, husema haipo, wala haendi gatini kukesha akihoji kwamba ratiba haikukanusha. Ratiba imetungwa ili itaje kila boti. Lakini orodha ya warithi iliyopelekwa mahakamani haina dhamana hiyo. Yuko mtoto aliyezaliwa Muscat katika ndoa ambayo watu wa nyumbani hawakuambiwa. Yuko ndugu aliyekwenda baharini asirudi. Na mashine inayochukulia kwamba asiyetajwa hayupo itagawa mali yote hadi senti ya mwisho kwa utulivu kamili.

Mafakihi hawakuwa na kompyuta, lakini mwamba huu waliujua. Kwa hiyo wakaweka mlango wa mafqudi, mtu aliyepotea ambaye haijulikani yu hai au amekufa, wakaamua fungu lake lizuiliwe mpaka kifo chake kithibiti au kadhi ahukumu. Na wakaweka mlango wa hamli, mtoto aliye tumboni mwa mama yake, wakaamua fungu lizuiliwe kwa ajili yake kabla hajajulikana ni wa kiume au wa kike, mmoja au pacha. Kwao hakika zilikuwa tatu, wala si mbili: yupo, hayupo, na hajulikani. Mtunzi wa programu ya mirathi asiyesoma milango hii miwili, hata awe hodari wa mantiki kiasi gani, ameandika nusu ya kazi.

Sheria ile ya Uingereza nayo ilikuwa na mlango wa aina hii, nao uliwashughulisha sana Sergot na wenzake. Mtoto mchanga aliyeokotwa Uingereza akiwa ametupwa huhesabiwa, mpaka ithibitishwe kinyume chake, kuwa amezaliwa humo na mzazi mwenye sifa zinazotakiwa. Hapa ukimya wa ushahidi unatumiwa kwa faida ya mnyonge, na hukumu inayotoka leo yaweza kubatilika kesho mama akipatikana. Na hilo si jambo jepesi kwa mantiki ya asili, ambayo ikishathibitisha kitu haikiachi tena. Kinyume chake kilionekana katika nchi hiyo hiyo mwaka 2018, ilipofichuka kwamba watu waliofika kutoka visiwa vya Karibi kabla ya 1973, wenye haki kamili ya kukaa, walikuwa wamenyimwa kazi na matibabu, na baadhi yao kufukuzwa nchini, kwa kuwa hawakuwa na karatasi za kuthibitisha haki yao, ilhali kadi za kuwasili za wengi wao ziliteketezwa na serikali yenyewe mwaka 2010. Hapakuwa na Prolog katika dhuluma hiyo. Makarani walikuwa binadamu, na waliifunga dunia kwa mikono yao.

Lugha ya kubainisha iliyoenea kuliko zote, hata hivyo, si Prolog bali ni SQL, na kisa chake kinaanza kwa Edgar Codd, Mwingereza wa Dorset aliyekuwa rubani wa ndege za kivita katika Vita Vikuu vya Pili, kisha akawa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, California. Zama zile habari nyingi zilihifadhiwa ndani ya mashine kama mnyororo, kumbukumbu hii ikielekeza kwenye ile, na mtu aliyetaka jambo ilimpasa ajue minyororo yote na kuipitia pete kwa pete. Charles Bachman, aliyetunukiwa nishani ya Turing mwaka 1973, aliisifu kazi hiyo akimfananisha mtunzi wa programu na nahodha anayesafiri baharini mwa habari. Codd alikuwa amekwisha kusema, katika makala yake ya mwaka 1970, kwamba unahodha huo si lazima. Habari ziwekwe katika majedwali ya kawaida, mwenye kuuliza aulize kwa masharti tu, na safari iwe juu ya mashine. Mwaka 1974 wafuasi wa pande mbili walikutana Ann Arbor, Michigan, wakajadiliana hadharani, Codd na Bachman wenyewe wakiwamo. Na mwaka huo huo Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM wakaitangaza lugha iliyokusudiwa kuulizia majedwali hayo kwa maneno yaliyo karibu na maneno ya kawaida. Boyce alifariki mwaka ule ule angali kijana, asiione lugha yake ikienea ulimwenguni. IBM yenyewe ilisita kuiuza, kwani ilikuwa na mfumo wa zamani uliokuwa ukiipatia fedha nyingi, na kampuni ndogo ambayo leo inaitwa Oracle ikaitangulia sokoni mwaka 1979.

Tuseme karani wa benki anataka majina ya wateja wa tawi la Tanga ambao salio lao ni chini ya shilingi elfu kumi. Kwa SQL huandika hivyo tu. Hasemi waanze kutafutwa wa Tanga kisha wachujwe kwa salio, au waanze wenye salio dogo kisha wachujwe kwa tawi. Patricia Selinger na wenzake, katika makala ya mwaka 1979, walionyesha jinsi mashine yenyewe inavyoweza kukadiria gharama ya kila njia kabla ya kuanza: ikiwa wateja wa Tanga ni wachache, njia ya kwanza ni rahisi, ikiwa ni wengi na wenye salio dogo ni wachache, ya pili ndiyo bora. Na uzuri wake ni huu, kwamba tawi la Tanga likikua mara kumi, mashine itabadilisha njia kimyakimya na swali la karani litabaki vilevile herufi kwa herufi. Wengi wanaotumia majedwali ya hesabu, yale yaliyoanza na VisiCalc mwaka 1979, hufanya jambo la nasaba hiyo hiyo kila siku bila ya kujiita watunzi wa programu: huandika kwamba kisanduku hiki ni jumla ya vile, na mashine hujua yenyewe kipi kihesabiwe kabla ya kipi.

Na lile suala la asiyejulikana nalo limo ndani ya SQL, tena limewatesa wengi. Mahali pasipoandikwa kitu huhesabiwa kuwa hapajulikani, na lisilojulikana haliwi sawa na kitu chochote wala haliwi tofauti nacho. Ukiuliza wateja ambao mji wao ni Tanga, kisha ukauliza wateja ambao mji wao si Tanga, utadhani umewapata wote. Lakini yule ambaye mji wake haukuandikwa hatokei katika jibu la kwanza wala la pili. Ameanguka katikati. Mafakihi wangemzuilia fungu lake. SQL humwacha akapotea, isipokuwa mwulizaji akumbuke kumwulizia kwa jina la hali yake.

Kwa watu wa bandari nina mfano wa Gioia Tauro, katika jimbo la Calabria, kusini mwa Italia, ambako makasha na magari hupakuliwa katika meli kubwa na kupakiwa katika nyingine. Huko tatizo la kila siku lilikuwa ni kupanga makundi ya wafanyakazi kwa kila meli: kila kazi ipewe mtu mwenye ujuzi wake, mtu asipitishe saa zinazoruhusiwa na mkataba, kazi nzito na za hatari zipokezanwe ili zisimwangukie mmoja daima, na mzigo wa kazi ulingane baina ya watu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Calabria walilitatua kwa lugha ya ukoo wa Prolog, iliyotokana na nadharia ya Michael Gelfond na Vladimir Lifschitz ya mwaka 1988, ambayo haitoi jibu moja la ndiyo au la, bali hutoa mipango yote inayotimiza masharti, na kuichagua iliyo bora miongoni mwayo. Masharti magumu huandikwa kuwa ni marufuku. Yale ya hisani, kama kulinganisha mzigo, huandikwa kuwa ni ya kupendelewa. Mkataba ukibadilika, hubadilishwa mstari unaoutaja mkataba. Nasema haya nikifikiria Mombasa na Dar es Salaam, ambako manung'uniko ya nani amepewa zamu gani hayajapungua tangu zama za makuli; na orodha ya zamu inayoweza kueleza sababu zake ni silaha ya mfanyakazi sawasawa na ilivyo ya mwajiri.

Bei ya starehe hii si ndogo. Njia iliyoachiwa mashine haikutoweka; kuna mtu aliyeifikiria mara moja kwa niaba ya wote, na pale fikira zake zinapokoma mwandishi hurudi kuwa nahodha apende asipende. Kowalski mwenyewe aliandika mwaka 1979 kwamba kila utaratibu wa hesabu una sehemu mbili, mantiki na uongozi, na Prolog hukupunguzia ya pili bila ya kukuondolea kabisa. Andika kwamba mhenga wa mtu ni mzazi wake, na pia ni mzazi wa mhenga wake, na mashine itakupandisha nasaba hadi mwisho wa daftari. Lakini katika kanuni ile ya pili ukimtaja mhenga kabla ya mzazi, maana ya maneno haijabadilika hata chembe, na mashine itazunguka mahali pamoja isitoke. Mwenye kuandika SQL naye hujikuta akisoma mpango wa mashine ili ajue kwa nini swali la dakika moja limechukua saa nzima. Wanaosema kwamba lugha za kubainisha hazihitaji ufundi hawajapata kuamshwa usiku na mashine iliyonyamaza.

Kwa kijana anayenisikiliza na ambaye ana kompyuta, iko Prolog iitwayo SWI, iliyoanzishwa Amsterdam mwaka 1987 na Jan Wielemaker, nayo hupatikana bure. Na aanze kwa kanuni za mume, mke, mabinti na mama kama nilivyozitaja, na ya baba, kwamba hupata sudusi akiwapo mtoto na huwa asaba asipokuwapo, asiongeze kitu. Kisha aiulize programu yake mas'ala hii: mwanamke amekufa, ameacha mume, mama na baba, wala hakuacha mtoto wala ndugu. Mume atapata nusu, mama thuluthi, na baba, aliye asaba, atabakiwa na sudusi, nusu ya fungu la mama. Sayyidna Umar alihukumu vingine, kwamba mama achukue thuluthi ya kilichobaki baada ya mume, yaani sudusi ya mali yote, na baba achukue thuluthi. Ibn Abbas akabaki na kauli ya kwanza. Kijana huyo na atafute ni kanuni ngapi zitamlazimu aziguse ili programu yake ihukumu kwa kauli ya Umar, na akiona zimezidi moja, basi aitazame upya namna alivyoiandika kanuni ya mama.